Petunia mlangoni, lengalenga shambani



Swali la juma hili limeletwa na mama kijana wa kikundi kimoja cha kwetu hapa Bukavu. Anaishi katika parseli moja na mamamkwe wake. Rafiki alimpa miche mitatu ya petunia, naye akaipanda karibu na mlango, mahali pale pale ambapo mamamkwe alizoea kupanda lengalenga. Miche ikachanua, watoto wakafurahi. Mamamkwe akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema kwamba maua hayaliwi, na kwamba maji yanayobebwa kichwani kupanda kilima si ya kuchezea. Bwana naye hakusema kitu, na sisi wamama tunajua uzito wa bwana asiyesema kitu. Mama anauliza: ang'oe maua ili amani irudi nyumbani, au ayaache?

Jibu langu ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Asing'oe, ahamishe. Mamamkwe ana haki juu ya udongo na juu ya maji. Parseli zetu ni ndogo, na kipande cha lengalenga karibu na mlango ni mboga ya jioni bila kwenda sokoni. Mkamwana naye ana haki ya kutaka kitu kizuri mbele ya macho yake, maana mtu haishi kwa kuhesabu franka tu. Haki hizi mbili hazigombani. Petunia haina lazima ya kukaa katika udongo wa mboga wala ya kunywa maji safi ya bidoni. Inataka kopo, jua, na maji ambayo yamekwisha kufanya kazi nyingine. Tuone namna gani.

HESABU YA MAJI

Tuanze na maji kwa sababu ndiyo yaliyoleta maneno. Petunia moja iliyo katika kopo la upana wa sentimita 20 hivi, wakati wa kiangazi, inatosheka na nusu lita kwa siku. Ukiwa na makopo matano, ni lita 2 na nusu. Bidoni ya lita 20 ingemalizika kwa siku 8. Si maji mengi, lakini kwa mama anayepanga foleni saa tisa za usiku, hata hayo ni mengi kama yametoka kwenye bidoni ya kunywa.

Kwa hiyo yasitoke huko. Maji tuliyoosha mchele, maji tuliyoloweka maharagwe, maji tuliyosuuza sombe na lengalenga, yote hayo mara nyingi tunayamwaga mtaroni. Weka ndoo moja mlangoni mwa jiko, uyakusanye. Jioni mtoto anamwagilia. Nyumba inayopika kila siku hukusanya lita 2 na nusu bila shida.

Yapo maji yasiyofaa: maji yenye chumvi tuliyopikia chakula, maji yenye mafuta ya sahani, maji ya kufulia yenye sabuni ya unga, na hasa maji yenye javeli. Hayo yanachoma mizizi. Na maji ya moto yaache yapoe kwanza.

Namna ya kujua kama ua lina kiu: ingiza kidole katika udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kama ni mkavu, mwagilia. Kama bado kuna unyevu, acha mpaka kesho. Mwagilia chini kwenye udongo, si juu ya maua. Petunia inavumilia kiu kidogo kuliko inavyovumilia mizizi kukaa ndani ya maji.

NI UA LA NAMNA GANI

Petunia si ua la kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Brazili, Ajentina na Urugwai. Jina lake lina hadithi ambayo unaweza kuwasimulia watoto. Wenyeji wa Brazili waliita tumbaku kwa neno ambalo Wafaransa walilichukua wakalitamka « pétun ». Mwaka 1803 mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Antoine-Laurent de Jussieu, aliona kwamba ua hili linafanana na tumbaku, akaliita petunia. Hakukosea: petunia na tumbaku ni jamaa moja. Katika jamaa hiyo wamo pia nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo. Shika jambo hili, maana tutalirudia chini kwa sababu kubwa.

Petunia tunazoziona leo katika rangi nyingi zimetokana hasa na mimea miwili ya porini. Mmoja una maua meupe yanayonukia vizuri usiku na kuita vipepeo wa usiku. Wa pili una maua ya zambarau yanayopendwa na nyuki mchana. Watu wa Ulaya waliichanganya mimea hiyo tangu miaka ya 1830, na ndiyo maana leo kuna nyeupe, nyekundu, za waridi, za zambarau na zenye mistari. Wewe mwenyewe ukipata nyeupe, inusie saa mbili za usiku. Mara nyingi harufu inazidi ile ya mchana.

Shina na majani yake vinanata kidogo mkononi. Usishtuke, si ugonjwa. Ni vinyweleo vyake ndivyo vinavyonata.

WAKATI WA KUPANDA HAPA KWETU

Bukavu iko kwenye mita karibu 1500, na baridi yetu ya asubuhi na jua la mchana vinaipendeza petunia. Kinachoisumbua ni mvua yetu. Mvua nzito inayonyesha tangu mwezi wa 9 mpaka wa 5 inalowesha maua, yanakuwa kama karatasi iliyolowa, kisha yanaoza na kuozesha majani ya karibu. Kwa hiyo mama mwenye mbegu aanze katikati ya mwezi wa 4. Tangu mbegu mpaka ua la kwanza ni majuma 10 hadi 12. Ukianza mwezi wa 4, maua yanakukuta mwezi wa 7, katikati ya kiangazi, wakati parseli nyingine ni vumbi tupu.

Ukiwa na miche wakati wa mvua, usiitupe. Weka makopo chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo jua linafika lakini maji ya mabati hayaangukii. Petunia inataka jua la saa 6 kwa siku. Ukiificha kivulini itarefuka, itakuwa na majani mengi na maua machache.

KUTAYARISHA KOPO

Kopo la maziwa ya unga la ukubwa wa kilo 2, bidoni ya manjano ya lita 5 iliyokatwa juu, ndoo iliyopasuka, vyote vinafaa. Chombo kilichowekwa dawa ya wadudu usikitumie, kwa sababu watoto watakishika. Kama ni bati, kunja ukingo kwa jiwe ili usimkate mtoto. Kisha toboa matundu manne au matano chini kwa msumari. Pasipo matundu, maji yanakaa, mizizi inaoza, na utasema ua lilikuwa baya.

Udongo wetu mwekundu ni mzito, ukikauka unakuwa kama tofali. Changanya hivi: vipimo viwili vya udongo wa juu, kipimo kimoja cha mbolea iliyooza vizuri, kipimo kimoja cha mchanga. Mbolea ya mbuzi, ya sungura au ya takataka za jikoni ni nzuri, mradi iwe imeoza mpaka isinuke tena. Mbolea mbichi ya kuku inachoma.

Kopo la sentimita 20 lipewe mche mmoja. Ndoo pana ya sentimita 30 ipewe mitatu. Wenye nafasi ya kupanda chini waache sentimita 25 hadi 30 kati ya mche na mche.

KUOTESHA MBEGU

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Mbegu za petunia ni ndogo kama vumbi: gramu moja tu inaweza kuwa na mbegu karibu 10.000. Ukizimwaga kwa mkono zitaanguka zote mahali pamoja. Zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu na laini, kisha nyunyiza taratibu juu ya udongo uliolowa ndani ya sahani pana yenye matundu.

Usizifunike kwa udongo. Mbegu hizi zinataka mwanga ili ziote. Zikandamize kidogo kwa kiganja, kisha funika sahani kwa plastiki inayopitisha mwanga. Weka mahali penye mwanga lakini si kwenye jua kali, maana chini ya plastiki zitapikwa. Usimwagilie kwa juu. Weka sahani ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo unyonye kutoka chini, kisha uitoe. Kati ya siku 7 na 14 utaona vijani vidogo sana. Hapo ondoa plastiki pole pole, saa chache kila siku.

Miche ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, ihamishe kwenye vikombe vidogo ukitumia kijiti. Ishike kwa jani, si kwa shina. Ikifika majani matano au sita, ipeleke kwenye kopo lake la mwisho, jioni, jua likiwa limepungua.

Ambaye hana mbegu aombe tawi. Kata ncha ya sentimita 8 hadi 10 isiyo na ua, ondoa majani ya chini, choma katika mchanga uliolowa, weka kivulini. Kwa majuma mawili au matatu linakuwa na mizizi. Ua la tawi linafanana kabisa na mama yake. Ua la mbegu linaweza kutoka rangi nyingine, hasa kama mama yake alikuwa wa mbegu za dukani zilizochanganywa.

KUTUNZA KWA MKONO

Mche ukifika urefu wa sentimita 10 au 15, kata ncha yake kwa kucha. Inauma moyo, lakini mche usiokatwa unapanda juu kama mti wa bendera, na uliokatwa unatoa matawi pande zote.

Ua likinyauka, liondoe. Usivute petali tu, kata pamoja na kile kifuko cha kijani chini yake, maana ndani yake ndimo mbegu zinaumbwa. Mmea unaoachiwa mbegu unaona kazi yake imekwisha, unapunguza maua. Acha vifuko viwili au vitatu tu mwishoni mwa kiangazi, uvichume vikiwa vya kahawia kabla havijapasuka. Mbegu hizo zinatosha kikundi kizima.

Kila majuma mawili, loweka konzi moja ya mbolea iliyooza ndani ya maji, uchuje, uongeze maji mpaka rangi iwe kama chai hafifu, uipe. Na mmea ukirefuka na kuwa wazi katikati, ukate mpaka nusu. Utauona mbaya kwa majuma mawili, kisha utachanua upya.

Ukiweka sahani chini ya kopo, mwaga maji yanayobaki humo. Maji yanayotulia yanazaa mbu, na mbu hatuna uhaba nao.

NYANYA NA PETUNIA NI NDUGU

Sasa turudi kwenye ile jamaa. Ndugu wa damu moja wanaambukizana magonjwa. Mildiu inayounguza viazi na nyanya inaweza kukaa pia kwenye petunia, na kirusi cha tumbaku kinachotia majani madoa madoa ya kijani na manjano kinapita kutoka mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo usiweke makopo ya petunia kati ya nyanya, biringanya au pilipili zako. Yaweke upande wa pili wa nyumba. Udongo uliotoka kwenye kopo la petunia usiurudishie nyanya, bali upe maharagwe au lengalenga. Na mtu anayevuta au kunusa tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche ya aina hizi zote, kwa sababu kirusi hicho kinaweza kutoka kwenye tumbaku aliyoishika.

Kwa mama yetu aliyeuliza, hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kuhamisha. Kama mamamkwe ana nyanya karibu na mlango, ana haki ya kuogopa, hata kama hakusema hivyo.

WATOTO NA MAUA

Darasani kwangu ninawapa watoto makopo mawili, yote na mche mmoja. La kwanza tunalipa jua, la pili tunaliweka nyuma ya kabati. Baada ya majuma mawili hakuna haja ya mimi kueleza chochote ubaoni. Nyumbani pia mtoto wa miaka 6 anaweza kupewa kopo lake na jina lake juu yake. Atajifunza kuhesabu siku, kupima nusu lita, na kungoja. Mtoto anayeangalia mbegu kama vumbi ikiota anajua kwamba kitu kidogo hakidharauliwi.

Lakini tofautisheni maua. Petunia haijulikani kuwa na sumu kali, ingawa si chakula, tusiwazoeze watoto kuiweka mdomoni. Kuna ndugu yake mwingine wa kuogopwa: ule mti wa ua lenye umbo la tarumbeta kubwa, jeupe au la rangi ya machungwa hafifu, linaloning'inia chini na kunukia sana jioni. Watu wengi wanaupanda kama ua wa parseli. Huo una sumu toka majani, maua mpaka mbegu, na mtoto akitafuna anaweza kuchanganyikiwa akili, moyo kwenda mbio, hata kufa. Mtoto akiila, usingoje na usimpe dawa ya nyumbani, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea. Na kama una mti huo mahali watoto wanachezea, huo ndio wa kung'oa, wala usiguse macho kabla ya kunawa.

JE, INAUZWA?

Wamama wa AVEC wameniuliza kama petunia inaweza kuingiza franka. Nitasema kweli. Petunia haifai kukatwa kwa ajili ya arusi au msiba, inanyauka upesi. Inauzwa ikiwa hai ndani ya kopo, kwa watu wenye baraza, hoteli, ofisi. Soko hilo lipo lakini ni dogo, na siku za wasiwasi mjini ndilo la kwanza kufungwa, kwa maana mtu anayeogopa hanunui ua. Basi tusichukue mkopo wa kikundi kwa ajili ya maua. Otesha kwa mbegu ulizochuma mwenyewe, uza kinachozidi, na ukipata kitu kiwe cha juu ya kingine. Mkopo uende kwenye kinacholiwa au kinachouzwa kila siku.

Jambo jingine kwa wenye parseli za mteremko: petunia ina mizizi mifupi, haishiki udongo. Usiondoe majani yanayozuia ardhi isiporomoke ili upande maua. Kilima kikiteremka hakichagui nyumba yenye baraza nzuri.

KUMJIBU MAMAMKWE

Nimwambie sasa mama aliyeniandikia. Usijibu kwa maneno, jibu kwa kazi. Kesho jioni toa miche yako mitatu pamoja na udongo wake, uiweke kwenye makopo matatu. Pale ilipokuwa, lima, tia mbolea, panda lengalenga. Baada ya majuma matatu au manne mboga ya kwanza ikiwa tayari, ipike, umpelekee mama yake bwana sahani kabla ya wengine, kama ilivyo desturi. Kisha mwonyeshe ndoo ya maji ya mchele, umwambie: « Mama, maua yanakunywa haya. » Mtu mzima aliyebeba maji miaka 40 ataelewa hesabu hiyo kuliko mimi na wewe.

Na kopo la tatu, lile lenye ua zuri zaidi, usiliweke kwenye mlango wako. Muulize yeye angependa likae wapi. Pengine atasema hataki. Usimlazimishe, uliache pale anapokaa kuchambua maharagwe asubuhi. Si hila, ni heshima. Wamama wengi wa umri wake walilea watoto katika miaka ambayo hakuna aliyewauliza kama wanapenda rangi gani.

Na wewe usione haya kwa kupenda maua. Kopo moja la petunia halimnyimi mtoto chakula kama limewekwa mahali pake. Linamwambia kila anayeingia kwamba humu ndani bado kuna watu wanaongoja kesho.

Kazi ya juma hili kwa vikundi vyote: kila mama atafute kopo moja na kulitoboa, aweke ndoo ya maji ya kusuuza mlangoni mwa jiko, na ahesabu kwa siku 7 anakusanya lita ngapi. Leteni hesabu zenu kwenye mkutano. Wenye petunia nyumbani walete tawi moja la sentimita 10 lililofungwa katika kitambaa kilicholowa, ili wasio nazo waondoke na kitu mkononi.

Tusalimiane tena juma lijalo.

Mwalimu wenu